Sikio la Mama Rudisha

Karakanani walimwita Mama Rudisha, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Alikuwa mkaguzi wa visu vya kukunja, vile visu vidogo vya mfukoni vya bei ya chini ambavyo kila nyumba inavyo na hakuna anayekumbuka vilinunuliwa wapi. Alikaa mwisho wa meza ndefu, akapokea kisu kutoka kwa wenzake, akakifungua, akakifunga, akakigeuza. Kikiwa kizima alikipangusa mafuta na kukitia kwenye boksi. Kikiwa na kasoro alikirudisha kilikotoka, na alirudisha vingi. Kwangu mimi alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba yangu. Niseme mapema kwamba nilimpenda sana, na kwamba alikuwa na kichwa kigumu ajabu.

Alianza kazi pale akiwa msichana wa kupanga mipini kwenye trei. Akapelekwa kwenye pini, kisha kwenye msasa, na mwisho akapewa kiti cha ukaguzi. Mahali pa kukiweka hicho kiti alipachagua mwenyewe, chini ya dirisha la mashariki, kwa sababu ya mwanga. Shida ni kwamba mgongoni kwake, karibu kabisa, palikuwa na mashine ya kunolea, na mashine ile ilipiga kelele kutwa nzima. Wenzake walimwambia asogee. Akawajibu kwamba kelele mtu huzizoea, lakini giza halizoeleki. Nikikumbuka jibu lile naumia, maana alikaa pale kwa kuipenda kazi yake, si kwa ujeuri.

Nilipokuwa nasoma nilizoea kupita karakanani nikitoka shuleni, nikakaa juu ya boksi tupu karibu na miguu yake. Alinifundisha kasoro za visu kwa majina aliyoyatunga mwenyewe. Kisu ambacho bapa lake linayumba huku na huku kwa sababu pini inayolishika kwenye mpini imelegea alikiita mlevi. Kile ambacho hata ukikifunga ncha yake inachungulia nje ya mpini, ikisubiri kukuchoma mfukoni, alikiita mmbea. Chenye springi laini, kinachofunguka kwa kujivutavuta, alikiita mvivu, na mvivu alirudishwa bila matusi kwa kuwa bado angeweza kurekebishwa. Mbaya kuliko wote alikuwa mnafiki.

"Huyu," aliniambia akikinyanyua kwa vidole viwili, "ukimfungua anasimama wima, anakutazama usoni kama mtu wa maana. Unamwamini. Siku unayomwegemea ndiyo siku anayokukunjia vidole."

Ndani ya kisu cha kukunja kuna kipande chembamba cha chuma wanachokiita ulimi. Ukifungua kisu, ulimi unaruka na kusimama nyuma ya bapa, unalizuia lisirudi. Kwa mnafiki ulimi unafika, ila haushiki sawasawa, na macho hayaioni tofauti hiyo. Kwa hiyo shangazi alikuwa na kigogo cha mti mgumu mezani pake. Alikigonga kisu pale mara moja kwa mgongo wa bapa, akasikiliza. Kizima kililia mara moja, tak. Mnafiki alilia mara mbili za haraka, ta-tak, kwa sababu ulimi uliteleza kidogo kabla ya kukamata. Kwenye chumba kimya mtu yeyote angesikia. Katika makelele ya karakana alisikia yeye peke yake, na kisu kiliingia kwenye ndoo ya vilema kabla mwenzake hajamaliza kupiga chafya.

Msimamizi alimlalamikia. "Mama, hivi ni visu vya bei rahisi. Nani atakuja kutudai?"

"Anayenunua cha bei rahisi naye ana vidole kumi," akamjibu, na kazi ikaendelea.

Palikuwa na desturi pale ambayo sijaisikia kwingine. Mzee aliyeianzisha karakana, ambaye alishafariki, aliagiza kwamba kila fungu jipya la visu likishapita, mkaguzi achague kisu kimoja katika fungu hilo na kumpa mtu wa damu yake akitumie. Si cha kuweka kabatini, cha kutumia. Alisema mkaguzi asiyethubutu kumpa nduguye kisu alichokipitisha, basi hakukipitisha. Shangazi hakujaliwa mtoto, na mumewe alitangulia mbele ya haki mapema. Mtu wake wa damu alikuwa baba yangu. Shangazi ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki, akambeba mgongoni akiwa naye bado mtoto wa kubebwa. Hivyo visu vyote vya desturi vilikuja kwetu, mpaka mama akawa anamtania: "Wifi, humu ndani visu vimeshinda vijiko. Tukigombana mimi na kaka yako, unafikiri nani atapona?"

"Huyo si kaka yangu, ni mtoto wangu," shangazi alijibu. "Na ukimgusa utanitambua."

Baba alikuwa fundi umeme. Kisu cha mfukoni kwake kilikuwa kama kalamu kwa karani, hakitoki mkononi: kumenya nyaya, kukata tepu, kutoboa viboksi vya plastiki. Alivisifu visu vya dada yake kwa kila aliyemfanyia kazi.

Sijui sikio la shangazi lilianza kufa lini. Mama ndiye aliyegundua kwanza, kwa redio. Tulipokwenda kumsalimia, redio yake tuliisikia tangu kona ya mtaa. Kisha tukaona kwamba ukiongea naye anakutazama mdomo, wala si macho. Ukiongea umegeuka, anacheka tu na kusema "haya, sawa". Mama alimwambia wazi, maana mawifi hawafichani: "Wifi, nenda ukapimwe masikio."

"Masikio yangu ndiyo yanayonilisha. Ungeanza kupimwa wewe mdomo."

Tulicheka, na mambo yakaishia hapo. Sikio la kufa halisikii dawa, na mwenye sikio naye hakutaka kusikia habari za daktari. Kule kazini hakuna aliyejua, kwa sababu kule kila mtu hupiga kelele ndipo asikike. Naye alikuwa ameshapata njia yake. Alipogonga kisu kwenye kigogo aliweka dole gumba juu ya pini, akawa anausikiliza mtetemo kwa ngozi. Kwa muda mrefu dole gumba lile halikumwangusha. Nafikiri alijiaminisha kwamba ni sikio lilelile limehama tu mahali.

Kisha likaja fungu la visu vyenye mipini myeusi. Chuma cha ulimi kilitoka kwa muuzaji mwingine, chembamba kuliko kile walichokizoea, na mtetemo wake ukawa mwepesi mno kwa kidole. Aliyeketi kushoto kwake, fundi wa pini, kijana mpole asiyependa maneno, alivisikia mashine ya kunolea ilipozimwa kidogo ili ibadilishwe mkanda. Akainama karibu naye.

"Mama, hivi naona kama vinalia viwili."

Shangazi aliusoma mdomo wake, akaelewa kila neno. "Wewe piga pini," akamwambia mbele ya watu. "Kusikiliza niachie mimi."

Fundi wa pini alirudi kwenye nyundo yake. Fungu likapita, maboksi yakaenda stoo kusubiri gari la kuyasambaza madukani. Na kwa mujibu wa desturi, Mama Rudisha akachagua kisu kimoja, kile alichokiona kimenyooka kuliko vyote, akakifunga kwenye karatasi na kukileta kwetu. Nilikuwepo. Baba alikifungua, akakigonga kidogo kwenye ubao wa kiti kama alivyozoea kumwona dada yake akifanya, akanyamaza, kisha akacheka na kumshukuru. Sikulitilia maanani.

Ajali ilitokea asubuhi, katika nyumba ya mtu, baba akiwa juu ya ngazi. Alikuwa anatoboa kiboksi cha plastiki ukutani ili apitishe nyaya. Akaisimamisha ncha ya kisu, akaegemeza uzito wa mkono. Ulimi ukaachia, bapa likarudi lote kwa nguvu, likamkata vidole viwili vya mkono wa kulia kwa upande wa ndani. Cha shahada kilikatika kano. Nilipofika hospitali nilimkuta ameketi kwenye benchi, mkono umeviringishwa kitambaa, uso umempauka. Neno lake la kwanza halikuwa kuhusu maumivu.

"Shangazi yako asijue. Nimekatwa na bati."

"Bati gani, baba?"

"Bati. Na mama yako mwambie hivyohivyo."

Daktari alishona alichoweza kushona. Akasema kidole cha shahada hakitakunja tena vizuri, na kwa fundi umeme mkono wa kulia usioshika bisibisi ni habari ya msiba. Niliporudi nyumbani nilikuwa nachemka, maana mimi na mama tulikikuta kile kisu cheusi kwenye mkoba wa baba, kina damu. Nilimwambia baba kwamba visu vya fungu lile bado viko stoo, vitakwenda kwa watu, kwa mama muuza mboga, kwa mwanafunzi anayechonga penseli. Je, vidole vyao si vidole?

"Nitamwambia mwenyewe," akasema. "Kidonda kipoe kwanza. Dada yangu nikimwambia leo atakufa, mwanangu. Hana kitu kingine duniani ila kazi ile."

"Na sisi?"

"Ana sisi na kazi ile," akajirekebisha, akageukia ukuta.

Basi tukakaa kimya, nyumba nzima, tukiangaliana. Nilimkasirikia baba, nikamkasirikia mama kwa kumtii, na nilimkasirikia shangazi zaidi ya wote kwa kuwa alipendwa kiasi kile. Siku zikawa zinakwenda, na kidonda kikaanza kupoa, lakini baba hakusema.

Shangazi alikuja Jumapili alasiri na mfuko wa machungwa, baada ya kuambiwa kwamba mdogo wake amekatwa na bati. Alimkuta mama anabadilisha bendeji. Akavuta kiti, akaushika mkono wa mdogo wake kwa kiganja chake, akautazama. Bati hukata kwa kuchana, huacha kidonda chenye meno. Hiki kilikuwa mstari ulionyooka, umepita vidole viwili kwa mpigo mmoja.

"Bati?" akauliza.

"Bati, dada."

"Bati gani lenye makali namna hii?" Hakungoja jibu. "Haya, nipe kile kisu cheusi nikunolee. Ukipona ukikute tayari."

"Sijui nilikiweka wapi," baba akasema.

Mimi nilijua. Kilikuwa kwenye droo ya kabati, mama alikuwa amekiosha damu na kukificha chini ya vitambaa. Baba alinitazama, na macho yake yalinisihi. Nikainuka, nikaenda kukileta, nikakiweka mkononi mwa shangazi.

Alikifungua. Akakigonga kwenye ukingo wa meza, dole gumba juu ya pini, vilevile alivyofanya kila siku ya maisha yake. Chumba kilikuwa kimya. Kisu kililia ta-tak, wazi kabisa, na mama akaiachia bendeji ikabiringika sakafuni.

"Kizima," shangazi akasema.

Halafu akainua macho na kutuona nyuso zetu. Alikuwa ameishi miaka mingi kwa kusoma nyuso, hivyo hatukuwa na pa kuzificha. Akakigonga tena. Akamtazama baba.

"Kimelia vipi?"

"Kimelia vizuri, dada."

Akanigeukia mimi. "Wewe. Nilikufundisha. Kimelia vipi?"

Nikanyanyua vidole viwili.

Sijawahi kuuona uso wa mtu ukizeeka mbele yangu isipokuwa siku ile. Hakulia. Alikikunja kisu polepole kwa viganja vyote viwili, akakitia kwenye mkoba wake, akamfunga mdogo wake bendeji upya kwa ustadi, fundo likakaa juu ya kiganja pasipoumiza. Chai aliyoiandaa mama hakuigusa. Alisimama mlangoni kidogo, kama mtu aliyesahau kitu, kisha akaondoka.

Yaliyotokea kesho yake nilisimuliwa na fundi wa pini. Shangazi aliwahi karakanani kabla ya wote, lakini gari la kusambaza lilikuwa limekwisha kuja Jumamosi na kuondoka na zaidi ya nusu ya maboksi. Watu walipofika aliomba mashine ya kunolea izimwe. Alisimama mbele ya meza, akasema kwa sauti ya juu kupita kiasi, kwa kuwa hakuweza tena kuipima: "Mimi sisikii. Sijasikia muda mrefu. Visu vyeusi vyote ni wanafiki, na nimevipitisha mimi. Huyu kijana aliniambia, nikamfokea." Akamwita fundi wa pini, akamkalisha kwenye kiti chake, akamkabidhi kile kigogo. Msimamizi, ambaye miaka yote alimwona msumbufu, alijaribu kumbembeleza abaki walau kwenye kupanga mipini. Alikataa.

Walipeleka ujumbe madukani visu vyeusi virudishwe. Baadhi vilirudi. Vingine vilikuwa vimeshanunuliwa na watu wasiojulikana majina wala nyumba, na hivyo havikurudi kamwe. Jambo hilo lilimla shangazi kuliko kupoteza kazi. Kwa muda mrefu alikuwa akitembea sokoni anawatazama watu mikono. Alipomwona mtu amefunga kidole kitambaa alimsogelea na kumwuliza, na watu walimwona ana wazimu kidogo. Sikio nalo alilipeleka kupimwa hatimaye. Daktari alimwambia kwamba angekwenda mapema lingesaidiwa. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa bei ya kitu ambacho hana haja nacho tena.

Baba alijaribu kurudi kwenye kazi yake. Bisibisi ilimponyoka, nyaya nyembamba zilimshinda, na wateja walimwonea huruma kwa kumwita mwingine. Mwisho akafungua kibanda cha kuuza balbu na soketi, akawa anawauzia mafundi aliowafundisha kazi. Hakulalamika. Lakini nilimwona mara nyingi akikinyoosha kile kidole kwenye ukingo wa meza, anakisukuma, anakisubiri, na kidole hakiendi.

Kilichoniuma zaidi ni hili. Shangazi alitaka kuomba msamaha, na baba hakumpa nafasi. Kila alipoanza, "Mdogo wangu, kile kisu nilichokupa," baba alimkatiza, akaufungua mdomo vizuri ili dada yake ausome: "Lilikuwa bati, dada." Alifikiri anamhurumia. Dada yake akabaki na neno lake kifuani, halina pa kulitua. Siku moja nilishindwa kuvumilia, nikamwambia shangazi ana kwa ana kwamba baba alishamsamehe zamani, sote tunajua.

"Amekwambia wewe?" akaniuliza.

"Hapana, lakini—"

"Basi. Mimi pia hajaniambia."

Alipokuwa hasikii tena kitu chochote, hata mlango ukibamizwa, tulimchukua akakaa kwetu. Wakati huo baba naye alikuwa ameanza kuinama mgongo. Walizoea kukaa pamoja barazani alasiri, yeye akichambua mchele kwenye ungo, baba akinywa chai, bila maongezi, maana kuongea na shangazi kulihitaji umkalie mbele na yeye asichoke kukutazama. Siku moja shangazi alikuwa ametupa mgongo, ameuelekeza ungo kwenye mwanga. Mimi nilikuwa mlangoni nafua. Baba akaiweka chini chai yake, akamtazama dada yake kisogoni, akaanza kusema kwa sauti ya kawaida, kama watu wanavyoongea.

"Nilikisikia, dada. Siku ileile uliyoniletea. Nilikigonga kwenye kiti, kikalia viwili, nikajua. Nikaona nikikwambia utajua kwamba tunajua huna sikio. Nikasema nitakuwa mwangalifu tu. Fungu zima lilikuwa bado stoo. Ningesema siku ile, kusingekuwa na chochote. Kwa hiyo usiniombe msamaha. Nitakupaje?"

Nguo ilinidondoka mkononi. Shangazi aliendelea kuchambua mchele wake.

"Baba," nikasema, "mzungukie mbele. Mwambie hivyohivyo. Tafadhali."

Pengine alikiona kivuli changu kikisogea, kwa sababu aligeuka. Alitutazama mmoja mmoja, akaona baba ana machozi, akauweka ungo chini.

"Mnasema nini?"

Baba alifungua mdomo. Nilimwona akilitafuta neno, na shangazi ameinama mbele akiutazama mdomo ule kwa hamu yote aliyobaki nayo.

"Nasema chai imepoa, dada."

Aliendelea kumtazama, labda akingoja kama kuna zaidi. Kisha akainuka kwa kujikongoja, akakiokota kikombe miguuni pa mdogo wake, akaenda jikoni kumpashia.